Kupunguza sekunde za kulisha mashine ya kukereza kwa akchueta za umeme

Uwe na karakana Nakuru au Kisumu, anza na simu: rekodi video ya mizunguko 10 ya kazi, kisha andika kila sekunde ambayo mashine inausubiri mkono unaoingiza na kutoa vipande.

Ondoa taima, yaani muda uliopangwa wa kusubiri kati ya hatua. Silinda ya hewa hupungua kasi presha ya kompresa ikishuka, ndiyo maana mafundi huongeza muda wa tahadhari. Akchueta ya umeme, yaani kifaa cha mota kinachosogeza mkono, hujua ilipo, kwa hiyo mkono uanze kuingia mara mlango unapopita nafasi salama. Lakini ishara kwamba taya za mashine zimeshika kipande usiiruke kamwe.

Fupisha safari pia. Milimita 100 zikitosha, kwa nini mkono urudi 300?

Kosa kubwa ni kuongeza kasi ya juu pekee. Kwenye milimita 100, kwa mchapuko (kiwango cha kuongeza kasi) wa mita 2 kwa sekunde mraba, mkono hufikia mita 0.45 kwa sekunde tu, kisha unaanza kupunguza mwendo. Safari ni sekunde 0.45. Mchapuko ukiwa 4, ni sekunde 0.32. Panda kidogo kidogo: ukizidisha, mkono hutetemeka, kipande huteleza kwenye kishikio na mota hupata moto. Ipime joto baada ya saa nzima ya kazi.