Somo: Kompyuta ya gemu inazima ghafla katikati ya mchezo, tuanzie wapi?

Assalam aleikum ndugu zangu. Naandika somo hili mara moja ili wa kesho nimwelekeze hapa. Kila wiki hunijia mtu: "Kompyuta yangu yazima nikicheza, ninunue nini?" Na karibu wote wamekwisha kuamua kwamba ni joto, kwa kuwa Mombasa kuna joto. Wengine wameshanunua feni nne na pesti ya bei (ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoozaji chake), na mashine bado inazima.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa mashine nilizofungua mimi, mara nyingi tatizo ni umeme, si joto. Joto hupiga hodi. Prosesa ikikaribia mpaka wake, ambao kwa nyingi ni kati ya nyuzi 90 na 100, hujipunguza kasi kwanza: gemu inaanza kukwama, feni zinapiga kelele. Kuzima huja mwisho kabisa. Umeme hauna hodi. Ulikuwa unacheza vizuri, mara giza.

Piga hesabu mwenyewe. Wakati wa kaskazi chumba kikiwa nyuzi 33 badala ya 25, prosesa iliyokuwa ikifika 75 itafika kama 83. Inachosha, lakini haizimi mashine. Basi usinunue kitu chochote mpaka umalize hatua hizi, na ufanye moja moja. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hutajua kilichokuponya.

Hatua ya 1. Tambua inazima vipi. Hii ndiyo nusu ya kazi. Ikizima kama stima imekatika, feni zote zikasimama, tunatazama umeme kwanza, kisha joto. Ikionyesha skrini ya buluu, hiyo ni habari nyingine: RAM (kumbukumbu ya muda), draiva (programu inayoendesha kifaa) au kasi iliyoongezwa kupita ile ya kiwandani. Ikiwa skrini imekuwa nyeusi lakini feni bado zinazunguka, mashine haijazima, kadi ya grafiki ndiyo iliyokata. Ikijiwasha upya yenyewe, ingia kwenye mipangilio ya mfumo ya Windows, sehemu ya kuanza na kurejesha, utoe alama ya kujiwasha upya baada ya hitilafu, ili uone kama kuna skrini ya buluu inayokupita. Halafu fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows. Utakuta Kernel-Power namba 41. Usinitumie picha yake ukidhani ndiyo jibu. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilizima bila kuagwa, haisemi nani aliyeizima.

Hatua ya 2. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, bila ekstensheni na bila UPS (betri ya akiba), na isiwe soketi moja na friji. Friji ikianza kunguruma huvuta umeme mwingi kwa ghafla na volti hushuka. Na UPS ndogo ya VA 650 hutoa wati 360 hadi 390 tu. VA si wati.

Hatua ya 3. Toa vumbi kwa bloa, huku umezuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke.

Hatua ya 4. Pima joto. Weka HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, fungua upande wa vipimo tu, bonyeza kitufe cha kurekodi, kisha cheza mpaka izime. Ikiwaka tena, fungua faili hilo na usome mistari ya mwisho. Kama prosesa ilikuwa 78 na kadi 74, achana na habari ya pesti. Kama prosesa iliruka kutoka 50 hadi 100 ndani ya sekunde chache, hitisinki (chuma kinachopoza prosesa) imelegea au pampu ya maji imekufa.

Hatua ya 5. Punguza ulaji wa kadi. Kwa MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha kikomo cha umeme hadi asilimia 70, na kwenye gemu funga fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) kwenye 60. Cheza saa mbili tatu. Kama kuzima kumekoma, mshukiwa mkuu ni pawasaplai, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa kompyuta. Kipimo hiki hakikugharimu hata shilingi, na nashangaa mafundi wengi hawakifanyi.

Hatua ya 6. Soma kibandiko cha pawasaplai. Usisome maandishi makubwa ya "600W". Tafuta safu ya 12V, chukua ampea, zidisha kwa 12. Nimeshika iliyoandikwa 600 na 12V yake ni ampea 25. Hizo ni wati 300. Prosesa na kadi zote mbili hula kwenye 12V, kwa hivyo una mashine ya wati 300, si 600.

Hatua ya 7. Kubadilisha pawasaplai. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Pawasaplai yangu ya zamani ilikuwa ya nyaya za kuchomoa. Nikanunua mpya, nayo ya kuchomoa. Nyaya za zamani nilikuwa nimezipitisha vizuri nyuma ya kasha na kuzifunga, nikaona kwa nini nizitoe. Nikazichomoa upande mmoja, nikazichomeka kwenye pawasaplai mpya. Ziliingia bila kulazimishwa, zikabana sawasawa. Nikawasha. Mlio mmoja mdogo, kisha harufu ya plastiki inayoungua. SSD ikafa papo hapo, na diski kubwa pia, ambayo ndani yake mlikuwa na picha zote za harusi ya dada yangu. Hazikupatikana tena. Sababu ni hii: upande wa kifaa plagi zote zina mpangilio mmoja unaokubaliwa na wote, lakini upande wa pawasaplai hakuna kanuni. Kila mtengenezaji hupanga apendavyo, na hata modeli mbili za mtengenezaji mmoja zaweza kutofautiana. Waya uliokuwa unapeleka volti 5 ukajikuta unapeleka 12. Plagi kuingia si ushahidi wa chochote.

Kwa hiyo: ukibadilisha pawasaplai, toa KILA waya wa zamani, hata kama ni kazi ya saa nzima. Weka zile zilizokuja na boksi. Ukinunua ya mtumba isiyokuwa na nyaya zake, iache. Kadi yenye matundu mawili ya umeme ipelekee nyaya mbili tofauti, si mmoja wenye vichwa viwili. Na usifungue pawasaplai yenyewe, hata ukiwa umeichomoa ukutani, kwa sababu kapasita zake hubaki na chaji.

Hatua ya 8. Kama bado, rudisha RAM kwenye kasi yake ya kawaida ndani ya BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) na uipime kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha.

Maswali chini. Semeni mmefika hatua gani.

MASWALI

Kijana wa Likoni: Yangu pia inazima. Ninunue pawa gani?

Jibu: Hatua ya 1. Inazima vipi?

Kijana wa Likoni: Inazima tu bro. Nataka modeli, nimeshika pesa mkononi.

Jibu: Zirudishe mfukoni. Hatua ya 1, kisha ya 5.

Mpenda Gemu Bamburi: Ustadh, somo zuri, lakini kuna jambo linanishinda. Nikiweka FurMark, ile programu ya kuitesa kadi, nusu saa, mashine inasimama imara. Nikifungua gemu, inazima hata kabla sijaanza, kwenye menyu! Menyu si nyepesi?

Jibu: Swali tamu hili, ahsante kwa kuliuliza. FurMark ni mzigo mzito lakini wa kutulia, kama lori lililokwisha kushika mwendo. Gemu hupanda na kushuka kila wakati, na kadi za kisasa zikipanda huvuta umeme kupita kiwango chao kwa milisekunde chache tu. HWiNFO husoma kila baada ya sekunde mbili, kwa hivyo mruko huo hautauona kamwe kwenye rekodi. Lakini ulinzi wa pawasaplai huuona, na hukata. Ama menyu: kwa kuwa ni nyepesi na fremu hazijafungwa, kadi huchora mamia au maelfu ya fremu kwa sekunde bila sababu. Funga fremu kwenye draiva yenyewe, si ndani ya gemu tu, ndipo menyu nayo ibanwe. Kisha uniambie.

Mpenda Gemu Bamburi: Nimefunga 75 kwenye draiva. Menyu imepita, nimecheza saa nzima. Kumbe! Sasa naangalia kibandiko.

Jibu: Umeipata. Andika ampea za 12V hapa, na jina la kadi.

Makupa Boy: Fundi wangu Mwembe Tayari ana miaka 15 kazini, kaniambia ni pesti imekauka. Wewe unamwambia hajui?

Jibu: Sijamtaja fundi wako wala simjui. Pesti hukauka, kweli. Lakini ikikauka, rekodi ya hatua ya 4 itaonyesha prosesa ikigonga mpaka wake. Je, alipima? Kama alipima akaona 98, yuko sahihi na nitasema hivyo mbele ya watu. Kama aligusa kasha akasema "lina moto", huko si kupima.

Makupa Boy: Hakupima. Lakini likizima haliwaki mpaka nisubiri kama dakika kumi. Si joto hilo?

Jibu: Hapo umeniletea kitu, na nakubali sikukieleza. Ndiyo, hilo laweza kuwa joto, lakini la pawasaplai. Nayo ina ulinzi wake wa joto, na ukikata hairudi mpaka ipoe. Za bei rahisi hupimwa uwezo wake kwenye chumba baridi, na zikikaa kwenye joto letu haziufikii. Kasha lako liko wapi?

Makupa Boy: Ndani ya kabati la TV. Watoto wanachezea nyaya.

Jibu: Litoe nje ya kabati kwa siku mbili tu, uangalie pia feni ya pawasaplai kama inazunguka. Watoto tutawatafutia njia nyingine.

Abuu Mikindani: Nina ile kompyuta ya ofisi ya mtumba, pawa yake wati 290. Nimeweka kadi inayotaka plagi ya pini 6, nikapata adapta ya kutoa kwenye waya wa SATA. Inazima kila baada ya dakika ishirini.

Jibu: Abuu, zima leo na usiwashe tena na adapta hiyo. Sikupi ushauri wa gemu, nazungumzia moto ndani ya nyumba. Plagi ya SATA kwenye 12V imekusudiwa ampea 4.5, yaani wati 54. Pini 6 inaruhusu kadi kuvuta 75. Plastiki ile huyeyuka, na wakati mwingine huwaka. Chunguza kichwa cha adapta, kama kimebadilika rangi kitupe. Kwa mashine yako tafuta kadi isiyohitaji plagi, inayokula kwenye tundu lake tu, kama GTX 1650 za aina hiyo. Nyingine za jina hilo zina plagi, kwa hivyo itazame kwa macho kabla hujalipa.

Abuu Mikindani: Nimetoa. Imekuwa ya kahawia. Allah akulipe.

Binti Mji wa Kale: Samahani kama ni nje ya mada. Nikigusa kasha la kompyuta nikiwa peku, nahisi kama sisimizi wanatembea mkononi. Inahusiana na kuzima? Nyumba yetu ni ya zamani sana.

Jibu: Si nje ya mada, na umefanya vyema kuuliza badala ya kuzoea. Ndani ya pawasaplai mna kichujio ambacho huvujisha umeme kidogo sana kuelekea waya wa ardhi. Nyumba yenye waya wa ardhi, umeme huo hushuka zake. Soketi ikiwa na matundu matatu lakini nyuma ya ukuta hamna waya wa ardhi, umeme huo unabaki kwenye kasha ukingoja mtu wa kuushusha, na wewe peku kwenye sakafu ndiye njia. Mara nyingi kompyuta haizimi kwa hilo. Shida ni kwamba siku kifaa chochote humo ndani kikiharibika kweli, pasi au jiko, hakuna kitakachokukinga. Vaa ndara, usiguse kasha na kitu cha chuma kwa pamoja, na umwite fundi wa umeme mwenye leseni apime ardhi kwa nyumba nzima. Usikubali mtu akufungie waya kwenye bomba la maji.

Binti Mji wa Kale: Nimemwonyesha baba maneno haya. Ameshampigia fundi. Na swali dogo: dirisha langu latazama bahari, nifungue nikicheza?

Jibu: Upepo wa kusi ni mzuri kwako, si kwa mashine. Chumvi ile hukaa juu ya vumbi, ikipata unyevu inakula chuma. Geuza kasha lisielekee dirisha, na ukimaliza kucheza lifunike kwa kitambaa likishapoa. Kila baada ya miezi michache chomoa RAM, pangusa meno yake kwa spiriti ya asilimia 99, acha yakauke, rudisha. Nimewahi kuona mashine ya Nyali iliyokuwa ikizima, dawa yake ikawa hiyo tu.

Mwana Mtwapa: Na laptop?

Jibu: Laptop ina mambo yake, betri na chaja. Somo jingine.

Kijana wa Likoni: Haya, nimerudi. Inazima kama stima imekatika, feni zote zinasimama. Nimeshusha hadi asilimia 70 na fremu 60. Tangu magharibi nacheza, saa tatu sasa, haijazima.

Jibu: Sasa tunaweza kuzungumza, kaka. Fungua ubavu wa kasha, piga picha ya kibandiko, na uniambie kama nyaya zake ni za kuchomoa.