Somo: Namna ya kuidai bima irudishe gharama za matibabu ya nje ya nchi

Somo hili ni la aliyetibiwa nje, akalipa kwa mfuko wake, na sasa anataka bima yake ya afya imrudishie. Kwa maoni yangu, madai hushinda au hushindwa pale pale dirishani hospitalini, kabla mgonjwa hajaondoka. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye hatua ya 3, nyingine nitazipita haraka.

Hatua ya 1: Soma mkataba. Anza na orodha ya visivyolipiwa, ambayo wengi huiruka. Kisha tazama kama matibabu ya nje yanalipiwa, na kama ni ya dharura tu au hata ya kupangwa; kikomo ni kiasi gani; wewe mwenyewe unabeba sehemu gani; na madai yapokelewe ndani ya siku ngapi. Usikisie, kwani bima hazifanani. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani ambayo hasa ni ya wazee, kwa mfano, kwa kawaida hailipii matibabu ya nje isipokuwa katika hali chache. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2011 kuhusu matibabu ya kuvuka mipaka linamruhusu mgonjwa kurudishiwa, lakini hadi kiasi ambacho angelipiwa kama angetibiwa nchini kwake. Tofauti inabaki kwake.

Hatua ya 2: Wajulishe mapema. Matibabu ya kupangwa yanataka kibali cha awali, tena cha maandishi. Kwenye dharura, mgonjwa atibiwe kwanza, na ndugu apige namba iliyo nyuma ya kadi mara tu anapoweza. Andika jina la aliyepokea simu, saa, na namba ya faili. Uliza pia kama wanaweza kuipa hospitali barua ya dhamana ili walipane wao kwa wao. Ikikubaliwa, umepona nusu ya usumbufu huu.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi kabla ya kuondoka. Risiti inathibitisha kwamba ulilipa. Haisemi ulilipia nini. Bima inataka bili yenye mchanganuo. Bili iliyoandikwa "Huduma za matibabu, jumla" itarudishwa. Inayotakiwa inasomeka hivi: kumwona daktari, tarehe fulani, kiasi fulani, kipimo cha damu, picha ya tumbo, ganzi, upasuaji, kitanda, usiku 2, dawa, kila moja kwa jina na idadi. Kila mstari uwe na bei yake.

Hakikisha pia kuna jina la ugonjwa, na ikiwezekana msimbo wake wa ICD, yaani orodha ya kimataifa ya magonjwa inayotolewa na Shirika la Afya Duniani. Katika ICD-10, kwa mfano, K35 ni kidole tumbo cha ghafla. Msimbo huo unaeleweka kwa mkaguzi wa bima hata kama hajui lugha ya hospitali.

Ongeza ripoti ya daktari ya siku ya kutoka wodini, majibu ya vipimo, nakala ya cheti cha dawa, na uthibitisho wa malipo kutoka benki. Aliyelipa taslimu apate risiti yenye muhuri na saini. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Likikosewa, lirekebishwe ukiwa bado umesimama pale.

Zile risiti za mashine hufifia, basi zipige picha siku hiyo hiyo. Wala usizipeleke zikafunikwe plastiki kwa moto: zitageuka nyeusi zote!

Hatua ya 4: Tafsiri na fedha. Kabla ya kumlipa mtafsiri, iulize bima inapokea lugha zipi. Kwenye fomu andika kiasi kwa fedha uliyolipa, usikibadilishe mwenyewe. Waulize wanatumia kiwango cha kubadilisha fedha cha siku gani: cha matibabu, cha malipo, au cha kushughulikia madai.

Hatua ya 5: Wasilisha. Jaza fomu ya madai na uambatanishe barua fupi, mfano:

"Naomba kurejeshewa gharama za matibabu ya dharura niliyopata tarehe ____ katika hospitali ya ____. Niliwajulisha kwa simu, namba ya faili ____. Nimeambatanisha nyaraka 7 kama zilivyoorodheshwa hapa chini."

Baki na nakala ya kila kitu, na udai uthibitisho kwamba wamepokea.

Maswali ya wanachama

Swali: Asante kwa somo, mkuu. Mama alilazwa kwa dharura, tukapewa risiti tu. Tumesharudi nyumbani. Tumechelewa?

Jibu: Poleni kwa kuuguza. Iandikieni idara ya kumbukumbu za wagonjwa na ile ya uhasibu, mkitaja namba ya faili la mama hospitalini na tarehe. Mama asaini barua ya kuwaruhusu mpewe taarifa zake, kwani hospitali hulinda siri za mgonjwa. Wakati mnasubiri, pelekeni madai na mlichonacho, mkiandika kwamba mchanganuo unafuata, ili muda usiwapite.

Swali: Nina bima ya kazini na ya safari niliyokata kwa ajili ya viza ya Schengen (ya nchi za Ulaya). Nidai zote?

Jibu: Zijulishe zote, ila gharama moja hailipwi mara mbili. Dai kwa moja. Kama kuna kilichobaki, peleka kwa ya pili pamoja na barua ya malipo ya ile ya kwanza. Bima ya viza hiyo hutakiwa kufikia angalau euro 30,000, lakini ni ya dharura na kurudishwa nyumbani. Upasuaji ulioufuata kwa mpango, usiitegemee.

Swali: Wamenikatalia, eti ugonjwa nilikuwa nao kabla ya kujiunga.

Jibu: Usibishane kwa simu, ndugu yangu. Omba sababu kwa maandishi, na kipengele cha mkataba walichotumia. Kisha daktari wako aandike dalili zilianza lini, uambatanishe na rufaa. Wakishikilia msimamo, peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima katika nchi ilikokatwa.

Swali: Na tiketi ya dada aliyenisindikiza?

Jibu: Mara nyingi hapana. Kama mkataba wako una kipengele cha msindikizaji, utahitaji barua ya daktari inayosema hukuweza kusafiri peke yako, yenye tarehe ya kabla ya safari.