Jinsi ya kupiga dawa ya ukungu bila kuwamaliza wadudu-kibibi

Wengi tukishika dawa ya ukungu tunajiambia hii inaua ukungu tu, wadudu haiwahusu, basi tunapiga kila wiki bila hata kucheki nani yupo kwenye majani. Kabla hujachanganya dawa yoyote geuza majani kwanza. Kwenye vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu wa mmea, utakuta vimayai vya njano vimesimama wima vimebanana, na karibu yake kuna lava weusi wenye madoa ya rangi ya chungwa, wembamba, miguu sita, sura kama kamamba kadogo. Watu wanawaponda wakidhani ni waharibifu, kumbe ndio watoto wa wadudu-kibibi, wale wekundu wenye madoa meusi, na lava mmoja mpaka awe pupa, ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa mkubwa, anaweza kumaliza vidukari mamia.

Sasa ishu kubwa iko kwa hao lava. Mkubwa ana gamba gumu na mabawa, mambo yakichafuka anaruka anaenda zake. Lava hana pa kukimbilia, anatambaa juu ya jani lenye dawa mbichi, anakula kidukari kilichololoa dawa, na akiwa ndo kwanza ametoka kwenye yai ngozi yake ni laini sana. Kwa hiyo usiwaangalie wakubwa peke yao ukasema dawa ni salama, madhara mengine yanakuja polepole, lava anadumaa hafiki kuwa pupa au jike anataga mayai machache.

Halafu dawa hazifanani. Salfa, ile ya ubwiri unga (ukungu mweupe kama unga juu ya majani), watu wanaiamini kwa sababu inaruhusiwa kwenye kilimo hai, lakini inasumbua wadudu rafiki wengi, lava wa kibibi wakiwemo, na pia kukiwa na joto la kama nyuzi 32 kwenda juu inaunguza majani. Kopa, yaani dawa yenye madini ya shaba, ukiipiga mfululizo inajikusanya kwenye udongo. Zipo nyingine ambazo haziwaui sana moja kwa moja, ila usizichukulie zote hivyo, soma lebo ya hiyo uliyoshika.

Kinachoua kweli kweli ni mseto. Aidha dawa imetengenezwa ikiwa na ya ukungu na ya wadudu ndani ya chupa moja, au mtu anazichanganya mwenyewe kwenye bomba ili amalize kazi mara moja. Angalia viambato, ukiona saipamethrini au imidaklopridi jua hiyo ni sumu ya wadudu, na kama tatizo lako ni ukungu tu huihitaji, iache.

Kitu kingine ambacho hakisemwi sana, kuna ukungu wa asili unaoshambulia vidukari wenyewe, wanabadilika rangi wanafia hapohapo kwenye jani. Dawa yako inaweza kuuzuia nao, yaani umepunguza lava na umepunguza ugonjwa wa vidukari kwa mpigo mmoja, halafu tunashangaa vidukari wamejaa.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya tawi, gonga tawi, hesabu lava na wakubwa waliodondoka, rudia kwenye mimea kadhaa sehemu tofauti na uandike. Kama ugonjwa ni ubwiri unga uko kwenye mimea michache toa majani mabovu, punguza msongamano hewa ipite, piga hapo hapo penye ugonjwa tu. Kama ni bakajani, ugonjwa unaoweka mabaka na kukausha majani, na hali ya hewa ni ya unyevu usicheze nayo, inakimbia mno, piga, ila chagua dawa isiyo na sumu ya wadudu, fuata kipimo cha lebo, subiri jua lipoe nyuki wawe wamerudi, na acha mistari ya pembeni yenye vidukari na isiyo na ugonjwa bila kuipuliza ili kibibi wapate pa kujificha na chakula. Bomba lililopigia dawa ya wadudu lioshe vizuri kabla, mabaki kidogo tu yanatosha kuwaua.

Rudi na karatasi yako kesho yake, halafu tena baada ya wiki, kwenye mistari uliyopiga na ile uliyoacha. Ukikuta wakubwa wapo ila lava wamepotea upande uliopiga tu, dawa hiyo usiirudie msimu huu, tafuta yenye kiambato kingine.