Jaribu Linux nyepesi kwenye flashi kabla hujafuta chochote

Kompyuta ya steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma, ni HP ya zamani yenye RAM ya GB 2. Ilifika mahali mteja anaomba kuchapiwa barua, naiwasha, anakwenda sokoni kununua migebuka, anarudi bado haijatulia. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka RAM ya GB 4 kwa uchache. Nikaamua kujaribu Linux Mint ya Xfce. Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, Mint ni aina yake mojawapo, na Xfce ni muonekano wake wa skrini na menyu. Xfce ni nyepesi, menyu iko chini kushoto kama ulivyozoea, na GB 2 inaitosha, ingawa GB 4 ndiyo raha yenyewe.

Faili lake ni karibu GB 3, basi ngojea bando la usiku. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Rufus inafuta kila kilichomo kwenye flashi, kwa hiyo hamisha picha zako kwanza. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukigonga Esc, kisha F9, uchague flashi. Hiyo ni HP. Dell na Lenovo nyingi ni F12. Mint itafunguka ndani ya flashi, diski yako haijaguswa. Alama ya Install, ya kuiweka Mint kwenye diski, iache kwanza.

Sasa, tafadhali, usiishie kutazama rangi. Fanya nayo kazi ya siku nzima. Mimi nilianza na mtihani wa mwalimu mmoja, kurasa 4 za Times New Roman. LibreOffice, programu ya kuandikia iliyomo ndani ya Mint, ikaweka Liberation Serif, herufi zenye upana uleule, na kurasa zikabaki 4. Jedwali la swali la mwisho ndilo lililosogea. Nikalivuta kwa mkono. Nikachomeka printa, ikatambulika, karatasi ikatoka. Hapo moyo ukatulia, maana steshenari bila printa ni duka la kalamu tu.

Wai-fai ilinigomea kabisa. Nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikawasha kushirikisha intaneti, kisha nikafungua Driver Manager ya Mint na kuweka draiva ya Broadcom, yaani programu inayoendesha kifaa cha wai-fai. Ikashika.

Mambo mawili uyajue. Ukizima, kila ulichoandika kinapotea, kwa hiyo hifadhi kwenye flashi nyingine. Na Mint ikiwa kwenye flashi huwa nzito kidogo: ukishaiweka kwenye diski itakimbia zaidi. Hata hivyo, kwa GB 2 usifungue kurasa kumi za Firefox kwa pamoja.

Kama kazi yako inategemea programu ya Windows pekee, baki nayo. Mimi nilijaribu wiki nzima, nikanakili mafaili yote ya wateja kwenye diski ya nje, ndipo nikabonyeza Install. Nilifanya asubuhi, umeme umetulia, kwa sababu betri yangu haikai hata dakika tano.