Kuhama nyumba ndani ya Mbeya: barua ya vyombo na mahali pa kusimamisha kenta

Barua ya kuhamisha vyombo, ile ya kumwonyesha askari njiani kwamba vyombo ni vyako, inaombwa serikali ya mtaa unaotoka, siyo ule unaohamia. Kwa mjumbe, kisha mwenyekiti, kisha muhuri wa mtendaji. Nenda na kitambulisho cha NIDA na namba ya simu ya mwenye nyumba, maana mwenyekiti atampigia palepale kuuliza kama kodi imekwisha na bili ya maji imelipwa. Kama mnadaiana, malizaneni kwanza. Kuhusu hela ya wino sisemi kitu. Wewe omba risiti tu, utaona wino wenyewe unapatikana bure.

Barua yenyewe ni ukurasa mmoja: jina lako, unakotoka, unakokwenda, tarehe ya kuhama, orodha ya vitu vikubwa (kitanda, friji, kabati, mtungi wa gesi, televisheni) na namba ya gari. Hiyo namba ya gari ndiyo iliyoniunguza. Ofisini niliambiwa, "Acha nafasi, ndugu, dereva akifika utajaza mwenyewe." Muhuri ukagongwa kwenye barua yenye pengo.

Tulichelewa kupakia, giza likaingia, na karibu na Sae askari akatusimamisha. Hakuuliza habari ya friji wala kitanda. Alimulika karatasi kwa tochi ya simu, akaweka kidole kwenye namba ya gari: barua nzima ilikuwa kwa wino mweusi, namba kwa wino wa bluu na mwandiko mwingine. "Hii kaandika nani?" Kwake yeye, barua ya namna hiyo inaweza kubeba vyombo vya mtu yeyote. Ikabidi atafutwe mtendaji kwa simu, naye alikuwa msibani. Tulikaa pale na baridi ile ya Juni mpaka alipopokea, na makuli wakaniongezea bei kwa kusubiri.

Kwa hiyo tafuta gari kwanza, barua baadaye. Soma namba kwenye gari lenyewe, usiichukue kwa mdomo wa dereva. Wakati wa mavuno ya mpunga kenta nyingi (malori madogo ya kukodi) zinakimbilia Mbarali, na dereva mliyekubaliana naye asubuhi anaweza kukwambia "namtuma mdogo wangu na gari nyingine." Gari likibadilika, rudi ukaandikiwe barua mpya, hata kama mtendaji atakunja uso. Na pakia mchana. Jioni kila godoro juu ya gari linatiliwa shaka.

Sasa kushusha. Kabla ya siku yenyewe, nenda ukaangalie barabara iliyo mbele ya nyumba mpya ni ya nani. Barabara kuu ya kwenda Tunduma, inayopita Uyole, Mafiati, Mwanjelwa hadi Iyunga, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi yake ni mita 30 kila upande kuanzia katikati. Ile sehemu ambayo mwenye nyumba anaiita "uwanja wangu", hasa kama ukuta una alama ya X ya kubomolewa, huenda siyo yake kukuruhusu. Mitaa ya ndani ni ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Nilipouliza kibali cha kusimamisha gari, ofisi ya kwanza ilinituma ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza, na kote nilipokelewa kwa tabasamu zuri sana.

Ushauri wangu: usisimamishe gari kwenye lami ya barabara kuu hata kama makuli wanakuapia ni dakika tano. Trafiki akiwapiga faini, dereva ataidai kwako. Ingiza gari barabara ya mtaa, na kama uchochoro ni mwembamba, malizia kwa guta la magurudumu matatu au kirikuu, ile pikapu ndogo. Njia za vumbi usiziamini kuanzia Novemba hadi Aprili. Kenta iliyojaa ikizama kwenye tope, utashusha vyombo pale ilipozama.

Ukihamia katikati ya mji, kama Uhindini au Sokomatola, kuna ushuru wa maegesho. Mkusanyaji anaingiza namba ya gari kwenye mashine, na deni linakaa kwenye gari, siyo kwako. Ndiyo maana dereva hashtuki siku hiyo, anakupigia wiki ya pili. Kubalianeni mapema nani analipa, lipeni kwa namba ya malipo palepale, mkae na ujumbe wa simu. Madeni yake ya zamani yasiingie kwenye hesabu yako. Mwambie akuonyeshe tarehe.

Bei ya makuli ipangwe kwa kutaja gari litasimama wapi na mlango uko wapi. Wao huhesabu "kushusha" kuwa ni kutoka juu ya gari mpaka chini. Kutoka chini mpaka sebuleni ni kazi nyingine, na wataigundua friji ikiwa tayari iko barabarani.

Ukifika, mjumbe wa mtaa mpya ataitaka ile barua na hatairudisha. Ipige picha kabla, pande zote mbili, muhuri usomeke.