Namna ya Kugawa Kazi ya Tovuti kati ya Mbunifu na Msanidi

Mwenye nyumba ya wageni jijini Dodoma anayetaka wateja waweke nafasi kwa intaneti kabla ya Bunge la Bajeti kuanza mwezi Aprili anahitaji kazi mbili tofauti. Mbunifu huamua mgeni ataona nini na atapitia hatua zipi hadi apate chumba. Msanidi huandika msimbo unaozitekeleza hatua hizo na kuhifadhi taarifa katika kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa iliyopangwa kwenye kompyuta. Mtu mmoja anaweza kuzifanya zote mbili, lakini mkataba uitaje kila moja peke yake, kwa sababu kila moja hukaguliwa kwa namna yake.

Anza kwa kuandika mambo ambayo mgeni lazima aweze kuyafanya: kuona bei, kuchagua tarehe, kulipa kwa simu na kupata uthibitisho. Mazungumzo ya rangi yasubiri.

Mpelekee mbunifu orodha hiyo, naye akuchoree kwanza kurasa za simu, kisha za kompyuta. Michoro ikiwa tayari, mpe simu yenye michoro hiyo mtu asiyeijua biashara yako, mtoke nje juani, umwombe aweke nafasi bila kumwelekeza. Asipokiona kitufe, kosa ni la ubunifu, na wakati huo kulirekebisha ni kubadilisha mchoro tu. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya rangi nyeupe hupendeza ofisini lakini juani hayasomeki. Miongozo ya WCAG, ya kimataifa kuhusu tovuti zinazoweza kutumiwa na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1.

Ndipo msanidi aingie. Kati ya lugha za kuandikia kurasa za tovuti, HTML hupanga yaliyomo, CSS, ambayo toleo lake la kwanza lilipitishwa mwaka 1996, huyapa sura, na JavaScript huufanya ukurasa uitikie anapobonyeza mgeni. Hapo kwenye CSS ndipo fani hizi mbili zinapokutana, na kwa maoni yangu mbunifu asiyeifahamu hata kidogo atachora mambo yatakayomgharimu mteja bure.

Sehemu ngumu zaidi ya usanidi haionekani kwa macho, kwa hiyo ijaribu mwenyewe. Watu wawili wachague chumba kimoja kilichobaki, tarehe ileile, wabonyeze kwa pamoja: mmoja apate, mwingine aambiwe kimeshachukuliwa. Kisha lipa kwa simu na uzime data kabla ukurasa haujarudi. Ukifungua tena, nafasi yako iwe imeandikwa na malipo yasihesabiwe mara mbili. Mfumo ukishindwa hapo, uzuri wa kurasa hautamsaidia mgeni anayefika usiku na kukuta chumba chake kina mtu.

Mlipe mbunifu anapokabidhi mafaili yanayoweza kuhaririwa, na msanidi umbakizie sehemu ya malipo hadi majaribio hayo yapite. Jina la tovuti, kama ni la .co.tz, lisajiliwe kwa jina la biashara yako, na nywila za seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ukabidhiwe wewe.