Jinsi ya kuomba tuzo ya biashara Tanzania na kuitumia kukuza chapa yako

Mara ya kwanza dada yangu alipoiombea asali yake tuzo, maombi hayakufika hata mezani kwa majaji. Kwenye fomu tulijaza jina lililo kwenye chupa. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kilikuwa na jina jingine, na leseni ya biashara ilikuwa kwa jina lake yeye mwenyewe. Aliyepokea karatasi alizitandaza mezani, akatuuliza: “Sasa mkishinda, tuzo tunamwandikia nani?” Hatukuwa na jibu, na kosa lilikuwa letu.

Tangu siku hiyo nimesaidia wasindikaji wadogo kadhaa kuandaa maombi yao, na kila mara kazi kubwa imekuwa ile inayofanyika kabla tangazo la tuzo halijatoka. Mwongozo huu unamlenga mzalishaji mdogo wa Tanzania Bara: wa asali, unga wa lishe, viungo, sabuni, kahawa.

Hatua ya kwanza: lilinde jina

Wengi huamini kwamba wakishasajili jina la biashara BRELA, chapa yao iko salama. Jina la biashara linakuruhusu kufanya biashara kwa jina hilo, basi. Kinachokupa haki ya kumzuia mwingine asiweke jina lako kwenye bidhaa zake ni usajili wa alama ya biashara, na hayo ni maombi mengine kabisa. Ukishinda tuzo kabla ya kusajili alama, umeitangaza kwa watu wote, akiwemo yule atakayewahi BRELA kabla yako.

Ingia kwenye mfumo wa usajili wa BRELA mtandaoni kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Tafuta kwanza kama kuna alama inayofanana na yako. Halafu chagua daraja la bidhaa: kuna madaraja 45, ya 1 hadi 34 ni ya bidhaa na 35 hadi 45 ni ya huduma. Asali, unga, chai, kahawa na viungo viko daraja la 30, juisi la 32, sabuni na vipodozi la 3. Ukikosea hapa utakuwa umelinda kitu usichokiuza. Pakia picha ya nembo kama inavyoonekana kwenye lebo, kisha lipa kwa namba ya malipo utakayopewa.

Maombi yakipita ukaguzi, alama hutangazwa na watu hupewa siku 60 za kuweka pingamizi. Ikisajiliwa hudumu miaka 7, kisha unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Usajili huu haufiki Zanzibar. Kama unauza Unguja na Pemba, unaomba tena kwa BPRA, wakala wa usajili wa huko.

Ukimaliza, rudi kwenye karatasi zako zote: cheti cha BRELA, TIN (namba ya mlipakodi), leseni, cheti cha TBS (Shirika la Viwango), akaunti ya benki. Zisomeke jina moja, herufi kwa herufi. Pasipowezekana, andaa barua fupi ya kueleza uhusiano wa majina hayo na uambatishe vithibitisho.

Hatua ya pili: chagua tuzo inayopima unachokiuza

Tuzo za Rais za Mzalishaji Bora wa Mwaka huandaliwa na Shirikisho la Viwanda Tanzania, CTI, tangu mwaka 2005. Hapo kinachopimwa ni kiwanda kizima, kuanzia uzalishaji na matumizi ya nishati hadi mazingira na usalama wa wafanyakazi. Viwanda vidogo vina nafasi yao, kwa hiyo usiogope jina. Tuzo za Kitaifa za Ubora, zinazosimamiwa na TBS, zinatazama namna unavyousimamia ubora wa bidhaa au huduma. Kwa msindikaji mdogo mwenye alama ya ubora ya TBS, mimi ningeanzia hapa.

Kuna vikombe vya Sabasaba pia, vinavyotolewa kwenye maonesho ya TanTrade, mamlaka ya maendeleo ya biashara, pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, barabara ya Kilwa. Ni heshima kubwa, ila soma vizuri kilichoandikwa kwenye cheti. Ushindi wa banda bora unasifu banda. Ukiuhamishia kwenye chupa ya asali, unamwambia mteja jambo ambalo hakuna jaji aliyelisema.

Kwa anayelenga soko la Uingereza kuna Great Taste, ya Guild of Fine Food, iliyoanza mwaka 1994. Majaji huonja bila kuona kifungashio wala jina, na bidhaa hupata nyota 1 hadi 3 au hukosa kabisa. Unalipia kila bidhaa unayoingiza. Ninachokipenda ni kwamba hata aliyekosa nyota hupata maoni ya waonjaji kwa maandishi, na maoni hayo unaweza kuyafanyia kazi jikoni.

Ada ya kuingia peke yake si dalili ya utapeli. Shaka ianze pale unapopokea barua pepe ikikupongeza kwa kushinda shindano ambalo hukuomba, kisha unatakiwa kulipia meza ya chakula cha jioni ili ukabidhiwe kikombe. Waulize waandaaji maswali matatu: majaji ni akina nani, vigezo viko wapi, na aliyeshindwa naye alilipa nini? Wakikwepa hata moja, funga mazungumzo.

Hatua ya tatu: tengeneza faili

Nunua faili la kawaida, na lingine ulitengeneze kwenye simu au kompyuta. Weka nakala za cheti cha usajili, TIN, leseni hai, hati ya TRA (Mamlaka ya Mapato) ya kuthibitisha kwamba hudaiwi kodi, na cheti au leseni ya TBS. Tangu Julai 2019 usajili wa vyakula na vipodozi uko TBS, kwa hiyo kibali cha zamani cha TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, usikiambatishe kana kwamba bado kinatumika. Kama ni mjasiriamali mdogo na TBS hujaifikia, pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wako upate barua ya utambulisho. Njia hiyo ndiyo iliyomfikisha dada.

Karatasi hizo kila mshindani anazo. Kitakachokutofautisha na wenzako ni daftari. Kumbukumbu za uzalishaji kwa mwezi, majibu ya maabara, malalamiko ya wateja na ulichofanya baada ya kila lalamiko. Malalamiko hayo watu huyaficha wakidhani yanawashushia hadhi, kumbe jaji wa ubora anayatafuta. Kampuni isiyo na lalamiko hata moja kwa miaka mitatu inaonekana haisikilizi wateja wake.

Piga na picha: sehemu ya kupokea malighafi, wafanyakazi wakiwa na kofia na aproni, ghala. Zipige siku ya kawaida ya kazi.

Hatua ya nne: jaza fomu

Soma vigezo na alama za kila kigezo kabla hujaandika neno. Kama ubunifu una alama 10 na udhibiti wa ubora una 30, usimalize ukurasa mzima ukieleza ubunifu.

Kisha andika mambo yanayoweza kukaguliwa. Fomu ya kwanza ya dada ilisema: “Tunazalisha asali bora yenye viwango vya kimataifa.” Sentensi hiyo hata muuza asali ya kuchakachua angeiandika. Tuliibadilisha ikawa: “Kila ndoo inapimwa unyevu kabla ya kupokelewa. Ikizidi asilimia 20 inarudishwa kwa mfugaji, na tunaandika jina, tarehe na sababu. Ona kiambatisho cha 4.” Jaji anafungua kiambatisho cha 4 na kuona daftari lenyewe. Hana cha kubishana nawe.

Mpe mtu asiyejua biashara yako asome. Kila atakapouliza “mnajuaje?”, hapo pameshindikana. Tuma siku kadhaa kabla ya mwisho, na usiondoke bila uthibitisho wa kupokelewa.

Waandaaji wengine hutuma wakaguzi. Wakija, anayejibu maswali ya mashine awe anayeiendesha. Nimeona mwenye kiwanda akijibu kila swali kwa niaba ya vijana wake, na wakaguzi wakaacha kuuliza.

Ukishinda

Kabla ya kuchapa chochote, waombe waandaaji kwa maandishi masharti ya kutumia nembo yao: wapi, kwa muda gani, kwa malipo au bure. Ongea pia na afisa wa TBS kuhusu lebo, maana lebo ni sehemu ya kile walichokikagua.

Maneno yawe kamili: jina la tuzo, kundi, nafasi, mwaka. “Mshindi wa pili, viwanda vidogo, 2024” ni ukweli unaouza. “Nambari moja Tanzania” ni uongo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na FCC (Tume ya Ushindani), inakataza kumpotosha mlaji, pamoja na kudai bidhaa ina idhini au sifa isiyokuwa nayo. Cheti cha ushiriki nacho kiitwe cheti cha ushiriki.

Usichape lebo elfu kumi zenye mwaka. Chapa stika ndogo ya kubandika begani mwa chupa. Mwaka ukipita unaacha kubandika, na lebo yako inabaki na thamani yake.

Halafu peleka habari kwa watu wenye kununua. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mnunuzi wa kila supamaketi iliyowahi kukukataa, ukiambatisha cheti na sampuli mbili. Badilisha maelezo ya WhatsApp ya biashara. Zungumza na redio ya mkoa wako wiki hiyohiyo, maana baada ya mwezi hakuna atakayekuita. Kama unauza kwa taasisi za umma, weka cheti tayari kwa zabuni za NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Na wafugaji nyuki, wakulima, vijana wa kiwandani, wape nakala ya cheti wakatundike kwao. Mzee mmoja anayemletea dada asali aliiweka ya kwake sebuleni, akaanza kuwaeleza majirani kwa nini ndoo hurudishwa.

Mwisho, anza kuhesabu. Kwa miezi mitatu muulize kila mteja mpya amekufahamu vipi, na uandike jibu kwenye lile daftari la malalamiko, upande wa nyuma. Utalihitaji ukifika wakati wa kujaza fomu ya mwaka ujao.